Hamu Iliyopotea na Swali Tusilouliza

Katika faili la mgonjwa mmoja wa kliniki ya shinikizo la damu kuna sentensi iliyoandikwa mara nne, kwa tarehe nne tofauti na kwa mwandiko uleule: "Hatumii dawa ipasavyo. Ameshauriwa." Mwandiko huo ni wangu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa fundi seremala wa miaka 54, mtu mpole, asiyekosa siku yake ya kliniki. Kila alipokuja shinikizo lilikuwa juu. Kila mara nilimuuliza kama anameza dawa zake, naye alitazama viganja vyake na kujibu, "Namezameza, daktari." Nilimwonya juu ya kiharusi, nikaandika sentensi yangu, nikamwita aliyefuata katika foleni.

Kiharusi kilikuja kama nilivyomwonya. Wodini, mkewe alisubiri mpaka muuguzi apite, akasogeza kiti na kusema kwa sauti ya chini: "Nisamehe, baba, kwa nitakalosema. Zile dawa aliziacha zamani. Aliona zinammaliza. Tangu mwaka juzi chumbani hakuna kitu, hata hamu yenyewe imemtoka. Akawa anatumia unga wa mzee mmoja wa pale sokoni." Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia muda wote huo. Alinitazama kwa mshangao usio na lawama. "Ungetuuliza tungekwambia."

Nimebadilisha mambo machache katika kisa hiki ili mwenyewe asitambulike, lakini jibu la mama yule nimeliacha kama lilivyo, kwa sababu ndilo chanzo cha makala haya. Maoni yangu ni haya: kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa si laana, si aibu, si ushahidi wa kukosa mapenzi, na mara nyingi si uzee peke yake. Ni dalili. Hakuna mtoa huduma aliyefunzwa vyema atakayeona miguu imevimba akaridhika kusema "ni umri tu". Atauliza habari za moyo, figo na ini. Hamu iliyopotea inastahili uchunguzi wa namna hiyo hiyo. Sisi watoa huduma tusipouliza, mgonjwa hatabaki bila jibu. Atalipata kwingine, na jibu hilo linaweza kumgharimu afya, ndoa au uhai.

Tuelewane kwanza juu ya maneno

Lugha yetu ina staha, na staha hiyo ni hazina. Lakini ndani ya chumba cha daktari huweza kuficha mambo. Mgonjwa husema "nguvu zimeisha," "mwili umepoa," "jogoo hawiki," au "sijisikii tu." Nyuma ya kila kauli kunaweza kuwa na tatizo tofauti. Hamu ni ule utashi wa ndani, mawazo na shauku ya kumkaribia mwenzi. Uwezo ni jinsi mwili unavyoitikia: uume kusimama kwa mwanamume, uke kulainika kwa mwanamke. Kisha kuna maumivu, ambayo ni jambo la tatu. Mwanamume anaweza kuwa na hamu tele na uume usisimame. Mwingine huamka alfajiri uume ukiwa umesimama lakini hana haja na mtu. Mwanamke anaweza kumpenda mumewe na kumtamani, ila maumivu ya kila mara yamemfundisha kuukwepa usiku.

Neno "nguvu za kiume," ambalo limeenea katika vibao vya barabarani na matangazo ya redio, limeyafunga mambo haya yote katika furushi moja na kuliuzia dawa moja. Aidha, neno hilo limemsahau kabisa mwanamke, kana kwamba yeye hana hamu ya kupotea.

Jambo la pili la kueleweka ni kwamba hakuna idadi ya kitaalamu ya mara ngapi kwa wiki inayomfanya mtu awe mzima. Wanandoa wawili wenye afya wanaweza kutofautiana kiwango cha hamu, na tofauti hiyo si ugonjwa wa yeyote kati yao. Wataalamu huanza kuzungumzia tatizo la kitabibu pale hamu inapokuwa imepungua au kutoweka kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na hali hiyo ikawa inamsumbua mhusika mwenyewe. Mtu ambaye hana hamu kubwa na hana sononeko lolote juu ya hilo hana haja ya kutibiwa. Aidha, mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Kanada aliandika jambo ambalo wanawake wengi walilijua bila kulisoma: kwamba hamu si lazima itangulie. Kwa watu wengi, hasa katika ndoa ya miaka mingi, hamu huja baadaye, baada ya ukaribu, mazungumzo mema na mguso wa upole. Mwanamke asiyewaka ghafla kama kiberiti si mgonjwa. Huenda anahitaji tu moto uchochewe taratibu.

Mwili unapokuwa na siri

Hamu hutegemea homoni, damu, neva na ubongo. Kwa mwanamume, homoni iliyo muhimu zaidi ni testosteroni, inayotengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Kiwango chake hushuka polepole kadiri umri unavyosonga, lakini kushuka huko pekee hakumalizi hamu ya wanaume wengi. Kinachokishusha zaidi ni unene uliopindukia, kisukari cha ukubwani, ugonjwa sugu wa figo au ini, maambukizi ya VVU yasiyodhibitiwa, ulevi wa muda mrefu, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya afyuni, ikiwamo tramado ambayo vijana wengi huimeza wakidhani inawapa nguvu. Kukoroma kwa kukata pumzi usingizini nako huchosha mwili na kuondoa hamu.

Kwa wenzangu maabara: testosteroni hupimwa asubuhi, kabla ya saa nne, mgonjwa akiwa hajala, na matokeo yakiwa chini lazima yarudiwe siku nyingine kabla ya kumbandika mtu jina la ugonjwa. Kipimo kilichochukuliwa saa tisa alasiri kimewahi kuwatia wanaume wazima katika tiba wasiyoihitaji.

Kwa mwanamke, estrojeni hulinda ulaini wa uke na mtiririko wa damu, na kiasi kidogo cha testosteroni kutoka kwenye ovari na tezi za juu ya figo kina nafasi yake pia. Wakati wa kunyonyesha, homoni ya prolaktini hupanda na estrojeni hushuka. Uke huwa mkavu, hamu hupungua, na usingizi wa vipande vipande humalizia kazi. Hili ni jambo la maumbile na hupita, lakini nimeona ndoa zikiyumba kwa sababu hakuna aliyemwambia baba mpya kwamba hajakataliwa. Wakati wa ukomo wa hedhi, ambao kwa kawaida huja karibu na miaka 50, estrojeni hushuka moja kwa moja. Ukavu huleta maumivu, maumivu huleta woga, na woga huizima hamu. Mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hupatwa na mabadiliko hayo kwa ghafla, na anastahili kuelezwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, si baada ya kutoka. Wapo pia walioumizwa na ukeketaji, au na mchaniko wa uzazi uliopona vibaya. Hao hawana upungufu wa hamu, wana jeraha.

Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, moyo ulioshindwa, maumivu ya kudumu ya viungo: vyote hivi huila hamu ya mwanamume na ya mwanamke. Lakini kisa kimoja kilinifunza kuliko vitabu. Mwanamke wa miaka 33 aliletwa na mumewe, ambaye alikuwa ameshakusanya wazee wa pande zote mbili kwa nia ya kutoa talaka. Alidai mkewe "ana mtu." Ushahidi wake ulikuwa mmoja: kwa mwaka mzima hakumtaka. Nilipobaki na mama peke yake nikamuuliza mambo matatu ambayo hakuna aliyemuuliza katika vikao vile. Hedhi? Ilikuwa imekoma kwa miezi tisa. Kichwa? Kilimuuma kila asubuhi. Maziwa? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba chuchu humtoka maziwa, ingawa mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshaanza shule. Prolaktini yake ilikuwa juu mno, na picha ya kichwa ilionyesha uvimbe mdogo, usio saratani, katika tezi ya pituitari. Aina hiyo ya uvimbe kwa kawaida hutibika kwa vidonge. Wazee waliitwa tena, safari hii kuambiwa warudi nyumbani kwao.

Si kila mwenye hamu iliyopungua ana uvimbe kichwani. Hao ni wachache. Nasimulia kisa hiki kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kugeuza dalili ya mwili kuwa shitaka la tabia.

Dawa tunazoziandika wenyewe

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu tusimame kidogo, kwa kuwa hapa lawama ni yetu. Zipo dawa nyingi za kawaida zinazoweza kupunguza hamu au uwezo. Kati ya dawa za shinikizo la damu, zinazotajwa zaidi ni za jamii ya atenolo na propranolo, vidonge vya kuongeza mkojo vya jamii ya haidroklorothiazaidi, methaildopa, na spironolaktoni. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperido, klopromazini na risperidoni hupandisha prolaktini. Hata metoklopramaidi, ile ya kuzuia kichefuchefu, ikitumiwa kwa muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huweza kupunguza hamu au kuchelewesha kilele. Kuhusu njia za uzazi wa mpango zenye homoni ushahidi unatofautiana: wanawake wengi hawaoni mabadiliko, baadhi hueleza kupungua kwa hamu, na wengine hueleza kuongezeka kwa sababu hofu ya mimba imeondoka. Katika hali kama hiyo, neno la mwanamke mwenyewe ndilo ushahidi wa kwanza, wala si sahihi kumjibu kwamba "ni maudhi madogo madogo, utazoea."

Orodha hii si tangazo la kuacha dawa. Msomaji unayetumia mojawapo, tafadhali soma sentensi hii mara mbili: usiache dawa yako kabla ya kuonana na aliyekuandikia. Atenolo na propranolo zikikatishwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio na shinikizo kupanda kwa hatari, na mwenye ugonjwa wa akili anayeacha dawa anaweza kurudi alikotoka. Lakini mara nyingi kuna njia. Losatani na amlodipini, kwa mfano, kwa kawaida haziathiri sana upande huu, na mgonjwa wa shinikizo la damu asiye na sababu ya pekee ya kutumia atenolo anaweza kubadilishiwa. Dozi inaweza kupunguzwa. Dawa ya sonona inaweza kubadilishwa kwa mpango. Yote haya yanawezekana kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba jambo limetamkwa.

Moyo, akili na nyumba

Sonona ni miongoni mwa sababu kubwa za kupotea kwa hamu, na mara nyingine hamu ndiyo hutangulia kuondoka kabla ya machozi kuonekana. Mtu aliyepoteza hamu ya tendo la ndoa aulizwe pia kama amepoteza hamu ya mambo mengine: chakula, mpira, wajukuu, ibada, soga za jioni. Kama vyote vimepoteza ladha kwa wiki mbili au zaidi, tatizo haliko kiunoni.

Wapo waliopoteza mtu, waliopoteza kazi, wenye mkopo wa kikundi unaowanyima usingizi. Wapo waliowahi kubakwa na hawakuwahi kumwambia mtu. Yupo mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi ya kuuza, akashinda juani, akarudi kupika na kuogesha watoto, kisha usiku akaambiwa kwamba amekuwa baridi. Huyo hana upungufu wa homoni. Ana upungufu wa usingizi na msaada. Na zipo nyumba ambamo kuna ugomvi usiokwisha, dharau, kipigo au usaliti. Hamu ni mgeni mwenye haya, haingii panapotukanwa. Katika nyumba kama hizo kuandika kidonge ni kumtibu aliyejeruhiwa na kumwacha anayejeruhi aendelee.

Ninasisitiza hili kwa sababu sisi madaktari tunapenda sababu moja iliyo wazi, na wagonjwa wanapenda dawa moja iliyo wazi. Hamu haijali mapendeleo yetu. Kwa watu wengi sababu huwa mbili au tatu zilizoshikana mikono, na kuondoa moja hulegeza nyingine.

Je, kuuliza kunaleta ugonjwa?

Wenzangu hunipinga kwa hoja ambayo si ya kupuuzwa. Wanasema: ukimtajia mgonjwa kwamba dawa yaweza kuathiri unyumba wake, utakuwa umempandikizia tatizo ambalo hakuwa nalo. Hoja hii ina ushahidi. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 96 waliopewa atenolo kwa mara ya kwanza. Kundi moja halikujua linapewa dawa gani. La pili liliambiwa jina la dawa tu. La tatu liliambiwa jina pamoja na athari zake kwa uwezo wa tendo la ndoa. Baada ya miezi 3, waliolalamika kushindwa kusimamisha uume walikuwa kama asilimia 3 katika kundi la kwanza, 16 katika la pili, na 31 katika la tatu. Dawa ilikuwa ileile kwa makundi yote matatu. Walichotofautiana ni maneno waliyoambiwa.

Nimeutafakari sana utafiti huo, na ninaona unatufundisha kinyume cha tunavyotaka kuutumia. Kwanza, unathibitisha kwamba hofu yenyewe ni sababu halisi, inayostahili kutibiwa kwa maelezo kama sukari inavyotibiwa kwa dawa. Pili, unadhania kuna mgonjwa ambaye hajaambiwa. Mgonjwa huyo mimi sijakutana naye. Wa kwetu wameshaambiwa vijiweni, saluni, kwenye simu na katika mabasi kwamba "dawa za presha zinamaliza nguvu." Wote wamo katika kundi la tatu kabla hawajafika dirisha la famasi. Kwa hiyo swali si kama wasikie au wasisikie. Swali ni kama watasikia kutoka kwa mtu anayeweza kuongeza maneno yaliyokosekana kijiweni: kwamba athari hiyo haimpati kila mtu, kwamba shinikizo la juu lenyewe huharibu mishipa inayohitajika kwa kazi hiyo, na kwamba ikitokea, dawa inaweza kubadilishwa.

Hoja ya pili ni muda. Foleni ni ndefu, daktari ni mmoja. Ni kweli. Lakini mimi nilipata muda wa kuandika sentensi moja isiyo na faida mara nne.

Yanayouzwa badala ya jibu

Mahali tunaponyamaza sisi, soko huzungumza. Unga, asali zilizochanganywa, vidonge vya bahasha na kahawa za "kuamsha" huuzwa bila mtu kuulizwa anaumwa nini. Sidharau tiba asili. Zipo mizizi iliyotupatia dawa za hospitali. Lakini mamlaka za udhibiti wa dawa katika nchi nyingi zimebaini mara kwa mara bidhaa zinazoitwa za mitishamba ambazo kwa siri zimetiwa sildenafili, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya kusimamisha uume. Anayetumia vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua akichanganya na sildenafili, shinikizo lake linaweza kuanguka hata kumuua. Na hata ikitumiwa kihalali, sildenafili haileti hamu. Husaidia damu kuingia pale ambapo hamu tayari ipo. Isitoshe, uume kushindwa kusimama huweza kuwa onyo la mapema la ugonjwa wa mishipa ya moyo, miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kulalamika. Anayelinyamazisha onyo hilo kwa bahasha ya sokoni amezima king'ora na kuuacha moto.

Soko halipo mitaani tu. Wapo wanaochomwa sindano za testosteroni bila kupimwa. Watu wachache wanajua kwamba testosteroni ya kutoka nje huzuia korodani kutengeneza mbegu, kiasi kwamba imewahi kujaribiwa kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Kijana anayetafuta mtoto akichomwa sindano hiyo ili "apate nguvu," huenda akapata hamu na akakosa mtoto.

Tuulizeje?

Wazee wa pwani hawakuliacha jambo hili lijiendee. Mwari alikuwa na somo au kungwi wake, mtu aliyeruhusiwa kuuliza na kuulizwa, hata baada ya harusi. Desturi zile zilikuwa na mapungufu yake, na si kila lililofundishwa lilimfaa mwanamke. Lakini zilitambua kwamba lazima awepo mtu mmoja ambaye mbele yake jambo hili linatamkika. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Jack Annon alipopanga hatua za kuwasaidia wenye matatizo ya tendo la ndoa, hatua ya kwanza kabisa aliiita ruhusa: kumwonyesha mtu kwamba anaruhusiwa kulisema. Wengi, akaona, hawahitaji kupita hatua za mwanzo. Kungwi alilijua hilo bila kusoma.

Basi ninapendekeza swali moja, kwa kila mgonjwa mtu mzima mwenye ugonjwa sugu, angalau mara moja kwa mwaka na kila dawa inapobadilishwa. Kwanza tuondoe masikio ya ziada: mlango ufungwe, aliyemsindikiza mgonjwa asubiri nje kidogo. Kisha tuanze kwa kuonyesha kwamba si yeye peke yake: "Watu wengi wenye kisukari au shinikizo hupata mabadiliko katika unyumba, na huwa tunaweza kusaidia. Kwako hali ikoje?" Baada ya hapo tunyamaze. Mwenye umri mkubwa kuliko wetu tumwombe radhi kwanza: "Shikamoo mzee, nitakuuliza jambo la chumbani, ni sehemu ya kazi yangu." Sijakutana na mzee aliyekasirika. Nimekutana na waliovuta pumzi ndefu. Kama mgonjwa angependa kuzungumza na mtu wa jinsia yake, tumtafutie. Na tumuulize mwanamke kwa ajili yake mwenyewe, si kama shahidi wa tatizo la mumewe.

Akijibu kwamba hali si nzuri, tuulize tatizo lilianza lini na likiambatana na nini: dawa mpya, uzazi, msiba, ugomvi. Tutenganishe hamu, uwezo na maumivu. Tupitie kila anachomeza, pamoja na vya sokoni, bila kumkemea. Tupime sukari, damu na shinikizo, tuangalie uzito, tuulize usingizi na furaha. Vipimo vya homoni vifuate pale dalili zinapovielekea. Sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kufanyika zahanati.

Na wewe msomaji usiye mtoa huduma, usingoje tuulize. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona haya kuanza, sema sentensi moja tu: "Daktari, kuna jambo la unyumba linanisumbua." Inatosha, kazi iliyobaki ni yetu. Njoo na dawa zako zote katika mfuko mmoja. Mwenzi wako akipoteza hamu, usianze kwa kuuliza ni nani aliyeichukua. Muulize anaumwa wapi.

Yule fundi seremala aliishi. Tulipompima wodini tulikuta sukari yake iko juu sana. Alikuwa na kisukari ambacho hakuna aliyekijua, mimi nikiwamo, kwa kuwa kilipimwa mara moja tu miaka mingi nyuma. Dawa alizozishutumu huenda zilikuwa na sehemu yao ya kosa, lakini hazikuwa peke yake: sukari ilikuwapo, shinikizo lenyewe lilikuwapo, na hofu ilikuwapo. Kama ningeuliza mara ya kwanza, swali lile la chumbani lingenifikisha kwenye kisukari, na pengine lingemwepusha na kiharusi.

Tulimbadilishia dawa, tukatibu sukari, naye sasa huja kliniki na mkewe. Shinikizo limetulia, na mama ameniambia kwamba mazungumzo yamerudi chumbani, na mengine yanakuja polepole. Mkono wake wa kulia haujarudi kushika randa. Kila nikiwaona wakiingia hulifungua faili lile katika ukurasa wa leo, nafunga mlango, na kuuliza.